Kifua Wazi Mbele ya Mama Mkwe

Lodwar, Jumamosi, Februari 2013

Leo tena Neema ameniona akalia kama ameona mwizi. Binti yangu ana wiki sita. Mimi wiki nzima niko kazini Kakuma, na naogopa atakua akinijua kama mgeni wa Ijumaa tu.

Nesi alimwambia mke wangu nivue shati, nimlaze mtoto kifuani anizoee na akaze shingo. Mchana nikajaribu, pale kwenye kochi. Neema alitafuta titi, akalikosa, akakunja uso. Halafu akainua kichwa! Akanitazama, akalala.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia. Kwetu Bungoma mkwe haonyeshwi kifua. Alijifunika uso kwa leso, akageukia ukuta.

"Baba Neema, amelala?"

"Amelala, Mama. Nisamehe, wacha nivae..."

"Usithubutu kuinuka!"

Akatoka kinyumenyume, akaangusha sufuria zote. Neema alishtuka, akazishika nywele za kifua changu kwa nguvu zake zote, akaendelea kulala.

Hakulia. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi.