Baiskeli Isiyolia

Mwanangu Haosheng,

Umekula? Sisi tumekula.

Ile mota ya umeme uliyotutumia, baba yako ameifunga kwenye baiskeli yangu kuukuu, kwa kupapasapapasa. Sasa napanda kilima na kapu la kabichi bila kukanyaga pedali. Majirani wanapiga kelele: "Bi harusi huyo, mpisheni!"

Ila mnyororo haulii tena. Zamani baba yako akiusikia tangu darajani, alikuwa akitia tambi majini. Jana nilifika kimya, nikasimama mbele yake mchana kweupe. Akashtuka, akanitegea sikio: "Nani wewe?"

"Mkeo, mzee!"

Akacheka, eti ni utani. Mimi sikucheka.

Leo nimezima mota, nikakanyaga mwenyewe. Nilipofika, maji yalikuwa yanachemka.

Nawe ukija, mwanangu, anza kuongea tangu langoni.

Mama yako,
Guilan