Sauti Yangu Ilivyoita Watu Bure

Bariadi, Jumanne jioni. Joto, vumbi, na wingu zito ambalo tangu mchana linatutisha tu, halinyeshi. Nimevua viatu mlangoni na sina hamu hata ya kuwasha redio.

Leo nimejichukia.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni afisa habari wa halmashauri. Kazi yangu ni kuwaambia wananchi serikali inafanya nini. Mwaka jana, madaktari wa macho walipokuja kutibu mtoto wa jicho bure, nilikuwa nimechoka kuandika matangazo yanayosomwa na watumishi wenzangu peke yao. Nikachukua simu, nikarekodi kwa Kisukuma, vile ninavyoongea na mama yangu jikoni. Mwangaluka, wazazi wangu. Jumanne ijayo wataalamu wa macho watakuwa zahanati, waleteni wazee wote wasioona vizuri. Nikairusha kwenye magrupu ya wasapu.

Ilikwenda, jamani! Bodaboda waliicheza kwenye spika zao, akina mama wakaisikiliza mnadani. Zahanati ilijaa mpaka watu wakakaa nje kwenye nyasi. Mkurugenzi alinisifia mbele ya kikao, na mimi nikavimba kichwa, nisiseme uongo.

"Jumanne ijayo." Tarehe sikutaja. Nani anataja tarehe akiongea na mama yake?

Wiki iliyopita mtu fulani aliikuta ile sauti kwenye simu yake akaituma tena. Labda alikuwa na nia njema tu. Ikazunguka upya, kijiji kwa kijiji, na hakuna aliyejua kwamba ni ya mwaka jana. Ofisi iliposhtuka ikatoa Taarifa kwa Umma, ukurasa mzima wenye nembo, na juu yake maandishi makubwa mekundu: UZUSHI, IPUUZWE. Niliiandaa mimi mwenyewe. Niliiita sauti yangu uzushi kwa mkono wangu. Na walioifungua ni akina nani? Watumishi wenzangu.

Asubuhi ya leo mganga wa zahanati ile ile ya mwaka jana, upande wa Nkoma, akanipigia. "Dada, njoo uongee na watu wako."

Nilikuta uwanja umejaa. Wazee wamevaa nguo za kanisani. Wengine wamepakiwa kwenye baiskeli, wengine wameletwa na mkokoteni wa ng'ombe, na waliowaleta wameacha mashamba wakati huu wa kulima pamba. Mbele kabisa alikaa mama mmoja mwenye kifuko cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani, macho yote mawili meupe. Mganga aliniambia anaitwa Mayu Nkwimba, mayu yaani mama. Mwaka jana alikosa matibabu kwa sababu hakuwa na wa kumleta. Safari hii mwanawe, Luhende, alikuwa pembeni yake amemshika bega.

Nikasimama, nikasalimia. Hata sijamaliza salamu, yule mama akapiga kigelegele.

"Ni yeye! Ni yule wa kwenye simu! Basi madaktari wamefika!"

Watu wakapiga makofi. Mungu wangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikawaeleza. Sijui nilieleza vipi, nakumbuka tu kwamba nilirudia neno samahani mpaka likapoteza maana. Hakuna aliyenitukana, na bora wangenitukana. Waliinuka mmoja mmoja, wakashikana mikono, wakaanza safari ya kurudi walikotoka.

Mayu Nkwimba hakuinuka. Aliuliza, kwa upole kabisa, "Sasa ng'wanone, mwanangu, watakuja lini?"

Nikamwambia sijui, mayu.

Akasema haina shida, siku akisikia tena sauti yangu atakuja. Hapo Luhende akamkatiza. "Haji. Mkituita tena hatuji. Mmenifanya nimdanganye mama yangu." Akamwinua, wakaenda zao. Na hajakosea.

Mchana tukakaa kikao. Mkurugenzi hakufoka. Alisema tu kwamba kuanzia leo hakuna kurekodi sauti tena, na hakuna Kisukuma tena. Kila tangazo liwe la maandishi, lenye nembo na kumbukumbu namba. Namwelewa, anaogopa yasijirudie. Lakini tatizo halikuwa Kisukuma wala sauti, tatizo lilikuwa tarehe. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni na nikayameza. Baada ya lile la asubuhi, ningeanzia wapi kujitetea?

Kisha mganga mkuu wa wilaya akasema jambo ambalo siku nyingine lingenifurahisha: madaktari wa macho wanakuja kweli, mwezi ujao, zahanati ile ile. Wote wakanigeukia. "Andaa tangazo," akasema mkurugenzi.

Nimeliandaa. Ni zuri, tarehe imekolezwa, nembo imekaa sawa. Mayu Nkwimba hawezi kuliona na Luhende hawezi kuliamini.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi napanda bodaboda naenda nyumbani kwao. Mganga wa zahanati atanielekeza, anawafahamu. Nitasimama mlangoni niseme kwa mdomo wangu, tarehe na yote, bila simu. Luhende akinifukuza, nitarudi Jumapili.

Nilipofika hapa kwenye kuandika nikaanza kupata nafuu kidogo. Nikasema basi, niandike na majina ya wengine waliokuja leo, nikitoka kwa Mayu Nkwimba nipite na kwao.

Sijaandika jina hata moja. Ule uwanja ulijaa watu niliowaita mimi, na sikumuuliza hata mmoja wao anaitwa nani wala anakaa wapi.