Bitabu Yangu ya Bakauboi

Élisabethville, Siku ya Ine, jioni

Sitapeleka hata kitabu kimoja. Nilimuambia Masera, mutawa mwenye anatuongoza, mbele ya bamama bote wa fuaye, ile nyumba kwenye banajifunza kushona, na naandika hapa ili moyo usirudi nyuma.

Alikuta kitabu mu kikapu yangu ya kushona. Aliangalia picha ya kauboi juu ya farasi, akasema: «Mama Véronique, wee mujane, wee unafundisha bengine kushona! Hii ni bitabu ya balevi. Kesho ulete yote tuichome, ao uache kazi.»

Nilimujibu polepole: «Masera, huyu muandishi anajua bajane. Humu mwanamuke anafiwa na bwana yake, batajiri banakuja kumufukuza ku shamba, yeye anabaki palepale. Muandishi hamulilie. Anamuacha akamue ngombe kwanza, kisha atie risasi mu bunduki.»

Masera akakuwa mwekundu.

Naogopa, sitajidanganya. Bila ile kazi, batoto batakula nini? Lakini tangu bwana yangu afe ku mine, kule banachimba shaba, bantu bote bananifundisha kuvumilia tu. Ni huyu muandishi peke, muzungu mwenye siyamuonaka, alinionyesha mujane mwenye kukataa.

Tulipotoka, Mama Godelive, mwenye hajue kusoma, alinishika mukono.

«Yaya, dada yangu, ule mwanamuke wa mu kitabu, balimufukuza?»

«Kuya ku nyumba, nitakusomea.»

Alikuja na benzake batano, kila mutu na kiti yake. Nilisoma mpaka sauti ikakauka, na hakuna mwenye alisimama.

Kesho nitaenda ku fuaye mikono mitupu.