Namba Alizobadilisha Neema

Kibaha, Jumanne

Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Neema, mtafiti chipukizi ninayemfundisha kupima uzito na wepesi wa vyakula laini, leo kaleta vipimo vya uji wa muhogo uliotoka kijiji cha Mzenga. Vyote vimelingana na nilichotabiri ubaoni, kwamba uji utakuwa mzito. Vimelingana mno.

Nikafungua kumbukumbu za mashine ya kupimia. Uji ulikuwa mwepesi kabisa.

"Kwa nini umebadilisha namba?"

Akainamisha kichwa. "Mwalimu, ulishasema utakuwa mzito. Nikaona mashine ndiyo imekosea. Ningekubishiaje?"

Nikapima mwenyewe, mara tatu. Mashine haikukosea. Mimi ndiye…

Ripoti inatakiwa Ijumaa. Madaftari ya wanafunzi wenzake wanne yapo hapa mezani, naogopa kuyasoma tena. Yote yanakubaliana na mimi.