Challenger ya Zambarau Katika Ukoo wa Mustang

Jumamosi, 22 Julai

Nimeamua. Nanunua gari lenye silinda nane! Nusu ya maisha yangu nimesafisha meno ya watu na kuendesha vigari vya busara, vya kijivu, vinavyokula mafuta kidogo. Nilichopata ni talaka na shingo inayouma. Sasa zamu yangu, na pesa nimeshaweka.

Nilipomwambia Baba alifurahi mpaka akasimama. Amedhani Mustang, gari la Ford. Sikumsahihisha, maana hata mimi nadhani Mustang. Kwetu kuna gari jingine? Baba alikuwa fundi wa kufunga milango kwenye Mustang mpya katika kiwanda cha Ford, Dearborn, tangu sijazaliwa mpaka nikaolewa. Kaka yangu Duane anayo, nyekundu. Binamu yangu aliolewa na Ron, mtu wa Chevrolet, washindani wa Ford, na mpaka leo siku ya Msafara wa Woodward, magari yanapopanda na kushuka barabara hiyo kutwa, huyo Ron anaegesha nyuma ya kanisa, anakuja kwa miguu, anakalishwa kiti cha mwisho kando ya pipa la taka. Mtu mzuri tu. Nyigu wameshamzoea. Nilimpelekea saladi mwaka jana, nikaona huruma.

Msafara ni tarehe 19 Agosti. Baba hawezi kuendesha mwaka huu. Macho. Leseni aliirudisha mwenyewe mwezi wa nne, akasema foleni ilikuwa fupi, hakusema lingine. Duane atampandisha na kumshusha Woodward kwenye ile nyekundu. Hicho tu ndicho Baba anachokisubiri duniani. Keki ya kutimiza miaka themanini na moja hakuigusa, ila tarehe ya Msafara ameiandika kwenye mlango wa friji.

Jumanne, 25 Julai

Nimekwenda kwa wauza Mustang baada ya kazi. Wanunuzi wa Mustang wako wa aina mbili: kijana ambaye mama yake ndiye anayetia saini, na mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Leo walikuwapo wote wawili. Wote waliketi ndani, wakashika usukani, wakanguruma kwa mdomo — vruuum! Mwalimu alinguruma kwa sauti ya chini kidogo, mtu wa heshima zake.

Gari zuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilipoketi nilijiona niko mezani kwetu siku ya Krismasi, kila mtu ananielekeza jinsi ya kukata nyama. Nimemwambia muuzaji nitarudi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alhamisi, 27 Julai

Camaro leo, gari la Chevrolet. Jirani yangu Lavell Tubbs anayo, nyeusi, kwa hiyo nilikuwa najua nakwenda kukutana na watu gani. Mikono minene, fulana imebana, miwani ya jua hata ndani ya duka. Na wanakupa namba kabla ya jina. Siku Lavell alipohamia mtaani nilimpelekea keki, akafungua mlango akasema, "Nguvu za farasi mia nne hamsini na tano!" Jina lake nililipata wiki iliyofuata.

Nimeketi ndani. Mbona sioni kitu? Mimi mfupi, na dirisha lile kwangu ni tundu la kutumbukizia barua. Jioni nimemuuliza Lavell, kila mtu upande wake wa uzio, wewe mbele unaonaje? Akacheka. Jirani, anasema, mwenye Camaro hahitaji kuona, anahitaji kuonekana. Kisha akaendelea kumwagilia nyanya zake, na miwani yake usoni, jua limeshazama.

Jumamosi, 29 Julai

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Niliingia kwa wauza Dodge kutumia choo. Naapa. Nikatoka chooni, nikaiona. Challenger. Zambarau! Zambarau ya kitambaa cha altare siku za Kwaresima. Pana kama kitanda cha watu wawili, na ndani kuna kiti — mwenzangu, kiti! Shingo ilitulia hapo hapo.

Na wanunuzi wake! Wanaume wakubwa, wapole, wenye kaptura. Mmoja alikuja na mkewe, mama mkwe na sanduku la barafu, akafungua buti, akaliingiza sanduku, akalitoa, akaligeuza upande, akaliingiza tena. Muuzaji wala hakushangaa. Mama mkwe aliulizwa kama nyuma anaenea, akajibu hatoki humo mpaka aletewe chakula. Nimefikiri njia nzima: mwenye Mustang anataka kushinda, mwenye Camaro anataka kutazamwa, mwenye Challenger anataka kuketi. Na mimi nimechoka kusimama, nasimama juu ya midomo ya watu tangu asubuhi.

Nimetia saini. Baba ataniua. Hapana — kuniua ni nafuu. Atanyamaza.

Lavell amekubali kuificha gerejini kwake. Camaro yake italala nje. Ameitazama Challenger kama anayeletewa maiti ya mtu asiyemjua, lakini amekubali. Nimemwahidi kumsafisha meno bure mpaka afe.

Jumapili, 6 Agosti

Balaa. Baba alikuwa kwangu kwa chakula cha mchana. Macho yake yamefifia, nilisahau masikio. Lavell akalitoa gari langu gerejini ili afikie mashine ya kukatia majani. Kulitoa tu, hatua chache! Kijiko cha Baba kikasimama hewani.

"Challenger hiyo."

Nikasema sijasikia kitu. Akasema, "Injini kubwa. Ya nani hapa mtaani?" Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema: ya Lavell.

Baba akaweka kijiko chini, akavaa kofia, akatoka. Nikamfuata nikijua nimeshazama. Wawili hawa wametaniana miaka, Baba akimwita "kijana wa bati" na Lavell akimwita "mzee wa punda" kwa ajili ya farasi wa nembo ya Mustang. Leo hapakuwa na utani. Baba alisimama mbele ya ile zambarau, akavua kofia.

"Lavell," akasema, "nilikuwa nakuheshimu."

"Mzee Kaz, acha nikueleze..."

"Camaro ni ujinga, lakini ulikuwa ujinga wako! Ulikuwa na msimamo! Sasa hili kochi lenye magurudumu umelitoa wapi? Umeumwa? Mke amekukimbia?"

Lavell alinitazama. Mimi nikatazama nyanya. Lavell, Mungu ambariki, akasema kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge kikavu: "Ni... starehe, mzee. Kiti ni kizuri." Baba akatikisa kichwa mpaka mlangoni kwangu. Chakula kilikuwa kimepoa na hakukimaliza.

Jumatano, 9 Agosti

Lavell anadai gari liondoke. Baba amesimulia kinyozini! Watu wa chama chao cha Camaro wamesikia, mmoja amempigia simu kumuuliza kama kuna tatizo nyumbani na kama angependa kuongea na mtu. Jirani, ananiambia, mimi mwanamume mzima, nimevuliwa heshima kwa ajili ya kochi lako.

Nimemwomba avumilie mpaka Msafara upite.

Jumatatu, 14 Agosti

Viti vimepangwa pale kwenye majani kando ya Woodward, kamba imezungushwa, jina la ukoo kwenye ubao. Baba amepanga mwenyewe. Changu amekiweka kando ya chake. Hajawahi! Pale ni pa Duane siku zote. Ameniuliza Mustang yangu nimeagiza rangi gani, inachelewa mno.

Nikasema wanaitafuta. Nimekuja nyumbani nikalia bafuni.

Alhamisi, 17 Agosti

Duane! Pumbavu la familia!

Alikuwa anaitoa Mustang uani kwake, ng'ambo wamekaa akina mama wawili wanakunywa kahawa. Basi ikabidi awaonyeshe. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye majani yenye umande wa asubuhi. Mkia ukaenda zake, yeye akaenda zake, wakakutana kwenye nguzo ya matofali ya sanduku la barua. Hajaumia. Gurudumu la mbele limepinda, linatazama posta. Akina mama walipiga makofi, anasema, kana kwamba hiyo ni habari njema.

Basi hakuna wa kumwendesha Baba. Mustang nyingine za ukoo zimeshajaa watu na watoto wao, na Baba amekataa kubanwa katikati. "Siingii kwenye gari la mtu kama mzigo." Amesema haidhuru, atatazama kutoka kitini. Amesema kwa adabu. Baba! Adabu! Mtu ambaye humtukana hata mtangazaji wa hali ya hewa. Duane akatazama viatu vyake, na mimi nikaogopa kuliko siku Baba alipolazwa hospitali.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimemwambia. Jikoni kwake, nimesimama, koti sijavua. Baba, ile Challenger ni yangu. Lavell hana kosa. Nitakuendesha kesho ukitaka, na usipotaka nitaegesha nyuma ya kanisa na Ron, nitakaa naye pale kwenye pipa.

Alikuwa anakata kabichi, akaendelea kuikata mpaka ikawa uji. Mwishowe akauliza kitu kimoja tu: Lavell ameombwa radhi na nani? Nikasema bado. Akavaa kofia akaenda kumwomba. Kwangu mimi hakusema neno, na nimesafisha kabichi peke yangu.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika nikiwa garini. Niandike haraka.

Asubuhi nilipita kwa Baba bila matumaini. Nimemkuta barazani! Kofia ya kiwandani, shati la Mustang, begani taulo la Mustang. Hakunisalimia. Akalizunguka gari mara mbili. Akafungua mlango wa upande wake, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Akainamisha sikio, akaufunga tena. Jirani zake wakatoka kutazama.

"Aliyefunga mlango huu," akasema, "hakuwa amelala."

Kisha akatandika taulo juu ya kiti chote, mpaka pa kuegemeza kichwa, ngozi yake isiguse Dodge, ndipo akaketi. Baada ya kona mbili nikasikia pumzi inamtoka. Nikauliza, kiti vipi? Akasema taulo ni zuri.

Woodward imejaa. Kila gari linanguruma na hakuna linalokwenda, mwendo wa maziko. Mustang mbele, vijana wanne ndani wote wanaongea pamoja. Camaro kulia, jamaa amenyoosha shingo kama kobe apate kuona taa za barabarani. Na wa Challenger kila tukipishana nao wananipungia, taratibu, wengine wanakula. Mmoja alinyanyua sandwichi yake kutusalimu. Baba akauliza hawa wote unawajua? Nikasema hapana. Akasema mbona wapole hivi, inatia shaka.

Tulipokaribia viti vyetu Baba akasema kamba ya kiatu imefunguka. Viatu vyake havina kamba! Akainama mpaka kofia ikagusa goti. Duane amesimama pale na darubini, Shangazi na kofia ya nyasi, Ron kwenye pipa. Ron peke yake ndiye aliyeniona, akaweka mkono moyoni. Sikuweza kupunga, nilikuwa nabana machozi na kicheko. Baba akauliza kutoka chini: "Wamepita?" Nikasema Baba, wao wamekaa, sisi ndio tunaopita. Imeniuma, nakiri. Nilitaka kumteremsha palepale.

Tukageuza, tukarudi chini, tukaegesha kwenye duka la hotdogi, mikate ya soseji, ili asinione uso. Amekwenda kupanga foleni. Mimi nimetoa daftari.

Sasa hivi kuna jamaa kwenye foleni, fulana ya Mustang, ana miaka kama arobaini na tano, meno ya mvuta sigara. Amempiga Baba begani, ndugu wa chama. Ananyoosha kidole huku kwangu! Kioo changu kiko chini, nasikia kila kitu. Anasema mzee, hebu tazama lile jokofu la zambarau. Anasema wanaonunua hayo ni watu waliokata tamaa ya maisha. Ni yaleyale Baba mwenyewe aliyomwambia Lavell siku ile, ila yeye alisema kochi.

Baba anageuka kuitazama Challenger. Mungu wangu.

"Jokofu la binti yangu hilo."

Jamaa anacheka, anadhani utani. Baba hacheki. Anamuuliza wewe milango umefunga mingapi maishani mwako? Ya Mustang hiyohiyo unayojivunia, umefunga mingapi? Jamaa anasema yeye anauza bima. "Basi nyamaza kidogo!" Foleni nzima imegeuka. Baba anasema mwanangu anashinda amesimama ili watu kama wewe muwe na meno, na akitaka kuketi ataketi kwenye zambarau, na wewe utaipisha. Jamaa amepandwa na hasira, anasema twende taa ya tatu, tuone nani anampisha nani. Baba anasema twende!

Mashindano! Kwenye msongamano ambao mtu na kigari cha mtoto anatupita!

Baba anakuja. Hotdogi ameziacha. Amefungua mlango, taulo amelivuta akalitupa nyuma, ameketi. Anasema washa. Nimemwambia, Baba, taa ya tatu iko mbele ya viti vyetu, upande wako, tutasimama pale hata dakika tano, ukoo mzima utakuona. Anasema anajua taa ilipo, yuko Woodward tangu mimi sina meno. Jamaa ameshaondoka. Nimewasha, naandika kwa mkono mmoja, anasema weka hilo daftari Noreen, na anapapasa mlangoni, anabonyeza kila kitu, ananiuliza kioo cha upande wake kinateremshwa vipi