Kufuli la jikoni

Solange, sikiliza yaliyotokea.

Leo asubuhi nilifungua kufuli la jikoni kama kila siku, nikampimia mudogo wangu Félicité bugali yake, kiasi cha ngumi moja. Mama mdogo Florentine, yule aliyekimbia vita Sange akaja kwetu, akaninyang'anya sahani.

Eti: "Weye umesoma, na unanyima mudogo wako chakula? Hata mbwa hafungiwi hivi."

Nikamweleza tena kwamba Félicité alizaliwa na ugonjwa, kichwa chake hakijui kushiba. Akacheka. "Njaa iko na diplome gani?"

Kumbe wiki nzima anamlisha kwa siri, mihogo na samaki. Anaona haya kula peke yake mbele ya mtoto. Wiki nzima, Solange.

Mwaka mzima tulikuwa tunampunguza uzito ili vita vikifika hapa aweze kutembea hadi bandarini kupanda boti. Jana tulijaribu kutembea naye, hakufika hata kona ya kwanza.

Félicité analia, ameshika kitenge cha Florentine, anasema mimi ni mubaya.

Halafu Mama akasema polepole: "Florentine, siku ya kukimbia, nyinyi tangulieni. Miye nitabaki na Félicité."