Piano Chini ya Televisheni

Jumamosi, 6 Agosti 1960

Mkate umefika shilingi moja na peni tano. Mwuza mkate anasema ni bei ya ngano. Mwaka jana alisema ni petroli. Mwakani atasingizia mwezi. Nimelipa, maana mtu sharti ale, lakini asante sikumpa.

Mlima una theluji hadi kiunoni, ndiyo Agosti ya huku kusini mwa dunia. Kileleni umesimama mlingoti wao mpya wa televisheni, na kila paa la mtaa huu limechomekwa vyuma vinavyouelekea kama waumini. Na la kwetu pia! Kev, mume wa binti yangu Lorna, alipandisha antena mwezi wa Mei. Televisheni hatuna. Hatujapata kuwa nayo. Siku ile nilimwuliza antena bila televisheni ni ya kazi gani. Akanijibu bila haya yoyote: ni ya majirani, Mzee.

Miezi mitatu chuma kile kinasema uongo juu ya kichwa changu. Upepo ukivuma hupiga mluzi.

Jumatatu, 8 Agosti

Chakula cha jioni: supu ya unga wa pakiti. Lorna anasema inaokoa muda. Muda wa kufanya nini, hakusema. Marehemu mama yake alichemsha mifupa tangu asubuhi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba muda umepotea.

Glenys, mjukuu wangu, ana miaka kumi na mitano na redio ya betri yenye ukubwa wa mche wa sabuni. Anakula nayo, anaoga nayo. Leo Mmarekani fulani alikuwa analia ndani yake kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Nikasikiliza kwa makini. Nikamwambia Glenys kibwagizo kizima hakina kitenzi.

"Hakihitaji, Babu," akasema. "Kinatingisha tu."

Miaka thelathini na minane nimesimama mbele ya ubao. Kumbe ilikuwa kwa ajili ya hili.

Alhamisi, 11 Agosti

Uongo umepata miguu. Nilikuwa bandani napasua kuni, Lorna anaanika nguo, akaja Bi Tuckwell wa nyumba ya pili mpaka kwenye ua.

"Televisheni yetu imeungua, mama, na Ijumaa ya juma lijalo kuna mieleka! Tutakuja kwenu. Mimi, mzee wangu na dada yangu. Mikate ya jibini nitaleta. Kwani yenu ni kubwa au ndogo? Maana hatujawahi kuisikia hata siku moja. Majirani wastaarabu ninyi!"

Lorna akasema ni ya kadiri.

Ya kadiri! Binti niliyemlea mimi.

Kev alirudi kutoka kiwandani, akaambiwa, akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Baada ya kula akaleta mpango wake, na niliona dhahiri kwamba alikuwa nao zamani. Televisheni ni pauni mia mbili na kumi. Mshahara wake wa juma haufiki ishirini. Lakini kwa Pascoe, dukani, hukuletea seti nyumbani uijaribu juma zima bila malipo. Ukiipenda, unaanza kulipa kidogo kidogo, na kwa malipo ya kwanza wanapokea piano.

"Piano yoyote, Mzee! Hata iliyoliwa na panya. Pauni thelathini, hawaulizi kitu."

Kisha wote watatu wakatazama ukutani, ilikosimama piano.

Ni piano ya mke wangu, Isobel. Nusu ya watoto wa mtaa huu walijifunza kwenye piano hiyo, shilingi kwa somo, mikono imenawishwa kwanza. Amefariki huu mwaka wa pili. Baada ya kuzikwa kwake nilihama nyumba yetu ya mtaa huu huu, nikaja hapa na masanduku mawili na piano. Ni yangu, na bila neno langu haitoki. Niliifunga juma lile la mazishi, nilipomkuta Glenys akiitwanga nyimbo za redioni, udongo wa kaburi haujakauka. Ufunguo unakaa kwenye mfuko wa kizibao changu.

Nikasema hapana.

Lorna alikuwa anakusanya sahani. Hakuinua macho. "Piano isiyofunguliwa ni kabati, Baba."

Nikaondoka mezani. Baadaye nimekubali jambo moja tu: seti ije ijaribiwe. Jibu langu kuhusu piano nitalitoa Jumamosi ya tarehe ishirini, juma la majaribio litakapokwisha. Kev alinishika mkono kama mtu aliyekwisha kushinda.

Jumamosi, 13 Agosti

Imekuja. Pascoe mwenyewe aliisindikiza: viatu vyenye ncha, nywele zimelowa mafuta, aniita "kijana wangu" — mimi! Nina miaka sabini na moja.

Sebule ni ndogo. Hapakuwa na mahali pa kuiweka. Kabla sijafungua kinywa walikwisha kuipandisha juu ya piano, na Lorna akatandika kitambaa chini yake, kile kilichofumwa na mama yake.

Kev akaiwasha. Mtangazaji akakohoa, na ndani ya piano nyuzi zikaguna. Niliwaambia wasikilize. Glenys peke yake alisikia. Kila sauti nzito ikitoka juu, nyuzi za Isobel zinaitikia chini, taratibu, kama mtu anayezungumza usingizini.

Sikuweza kukaa. Nimeingia chumbani.

Jumapili, 14 Agosti

Nyama ya kondoo ya Jumapili imeliwa na sahani mapajani. Mchuzi kwenye zulia. Sala ya chakula imesaliwa mbele ya tangazo la dawa ya meno, na Kev alisema "Amina" kabla sijafika nusu.

Viti vyote vinatazama upande mmoja. Nimeuona uso wa binti yangu kwa ubavu tu, mchana kutwa.

Debe tupu haliachi kuvuma. Hili limeunganishwa na umeme.

Jumatano, 17 Agosti

Nimekwenda mjini. Nywele shilingi tano — kinyozi ana picha ya msichana wa filamu ukutani, amevaa taulo, na ndiye anayelipiwa, nadhani. Katika mgahawa wa pembeni vijana walijazana kwenye sanduku lile la santuri, wanalilisha sarafu na kutikisa magoti. Saa nne asubuhi! Siku ya kazi!

Nikaingia kwa Pascoe kumwuliza jambo moja. Piano wanazopokea huzipeleka wapi? Nilitarajia aniambie shuleni, au makanisani.

Akacheka. "Njoo uone, Mwalimu."

Ziko uani, nyuma ya duka. Zimesimama mvuani, nyuso zimeelekea ukuta, kama watoto waliopewa adhabu. Moja haikuwa na mfuniko, maji yametuama katikati ya vibonye. Mtu mmoja mwenye shoka alikuwa anaivunja nyingine. Kila pigo nyuzi zililia zote kwa pamoja, na yeye alikuwa anapiga mluzi kwa namna yake, wala hazikumsumbua.

"Chuma tunauza kwa uzito," Pascoe akasema. "Mbao, anachukua anayetaka. Zinawaka vizuri mno! Zimekauka miaka hamsini."

Nikamwambia ni unyama.

"Usiniangalie hivyo, Mwalimu. Sizifuati mimi, zinaletwa na wenyewe. Nani siku hizi anapiga piano? Hiyo yako, kwa mfano, anaipiga nani?"

 Nimerudi kwa miguu katika mvua ile ile, na nauli ninayo mfukoni.

Nyumbani nimewaeleza.  Kev akasema basi tuombe ile ya kwetu isivunjwe, Pascoe ni mtu mwelewa. Mtu mwelewa! Kisha akaongeza, safari hii kwa upole, kwamba seti ikirudishwa Jumamosi mtaa mzima utajua. Watoto watamwimba Glenys njiani. Mimi nilimwambia mtu asipoweka chuma cha uongo juu ya paa, haogopi watoto.

 Glenys alikuwa amesimama karibu na piano, anafuta vumbi ambalo halikuwapo.

Alhamisi, 18 Agosti

Nimekaa mbele ya kile kitu leo jioni, kwa sababu moja tu: kuyashika makosa ya mtangazaji. Ana mengi. Anameza silabi za mwisho, anatamka majina ya Wafaransa kama anayaonea kinyaa. Baada yake wakaja vijana wanacheza dansi, wanatupana hewani. Kisha mwanamke mwenye jokofu linaloyeyusha barafu lenyewe. Kisha mambo ya farasi.

Lorna akaniambia, "Baba, uji wako umepoa."

Nilikuwa nimekaa kwa ajili ya makosa tu.

Ijumaa, 19 Agosti

Nitaandika kwa mfuatano, maana nimechafuka roho.

Walikuja saa moja, viti vyao mkononi. Bi Tuckwell, mumewe, dada mtu, na mikate ya jibini chini ya kitambaa. Bi Tuckwell akaisifu seti. "Mpya kabisa! Kama ya jana vile." Lorna akawa mwekundu hadi shingoni.

Mieleka. Wanaume wazima wawili wenye chupi za kung'aa wananyanyuana kama magunia. Na Bi Tuckwell, anayepanga maua kanisani kila Jumamosi, amekunja ngumi: "Mvunje! Mvunje mbavu huyo! Ah, mzembe!" Dada yake alikuwa anatafuna bila kujua anatafuna nini.

Kisha upepo ukashuka mlimani, antena ikageuka, na picha ikapotea. Weupe mtupu unaochemka.

"Theluji ya mlima imehamia humu," akasema Bwana Tuckwell.

Kev akapanda juu ya paa na kurunzi. Glenys akasimama dirishani kumwelekeza: "Rudi, Baba! Si huko! Ulikuwa umepata, umepitiliza!" Juu tulisikia viatu vyake vikiteleza, na maneno ambayo sitayaandika. Aliposhuka alikuwa amelowa chapachapa, na weupe ulikuwa ule ule.

 Bi Tuckwell akaikazia macho piano.

"Basi tupigieni hiyo ya chini! Jioni isiharibike. Marehemu Bi Isobel alimfundishia mwanangu hapo hapo. Tulikuwa tunaimba mpaka majivu yanapoa. Nani ana ufunguo?"

Wakanitazama wote. Glenys akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Babu?"

Nikasema ufunguo haupo karibu.

Nilikuwa nimeushika, ndani ya mfuko. Meno yake yalikuwa yamenichoma kidole.

Wangeimba nini? Vigelegele vya mieleka. Na Glenys angepiga nini, kama si upuuzi ule wa redioni, mbele za watu, kwenye vibonye vya mke wangu? Nilikuwa na haki. Naandika tena: nilikuwa na haki.

Walikula mikate iliyobaki, wakabeba viti vyao. Nilimsikia Bi Tuckwell nje ya lango, na alitaka nisikie.

"Maskini. Kumbe vyote viwili havifanyi kazi."

Jumamosi, 20 Agosti

Lori litakuja saa tano. Maduka hufungwa saa sita, Pascoe anataka jibu kabla. Kev amekwisha kuisogeza meza ndogo, tayari kwa kuwekea seti, kama vile nimeshasema ndiyo. Tangu asubuhi hajanitazama.

Glenys ameniletea chai. Chai ya vifuko, rangi ya maji ya kuoshea brashi. Nilidhani ataomba. Hakuomba. Akasimama mlangoni na kusema:

"Mkono wa kushoto alinifundisha Bibi. Wa kulia nimejifundisha redioni."

Akaondoka.

Nimenywa chai ile chafu mpaka mwisho. Kisha nikaenda sebuleni, nikauweka ufunguo juu ya kitambaa, kando ya televisheni.  Nimerudi chumbani na kufunga mlango, nami naandika hapa kitandani.

Kufuli limelia.

Anaanza. Ni kile kile! Kile kisicho na kitenzi! Kwa mkono mzito kama wa fundi seremala. Piano haijarekebishwa sauti miaka miwili, na kibonye cha pili toka juu kimekufa. Na ile televisheni ingali kule juu ya piano, naisikia inagongagonga ukuta kwa kila pigo. Ni aibu. Ni karaha tupu. Isobel angejifunika aproni usoni.

Lakini mkono wa kushoto. Sauti ya chini inatembea, haikimbii, inasubiri nusu pumzi kabla ya kupanda. Ndivyo Isobel alivyofundisha, na hakuna mwingine aliyeweza. Mtoto wa Tuckwell hakuwahi kuipata, alilia kwa sababu hiyo.

Lori limefika. Naona bonati kupitia dirishani, na Pascoe anachana nywele kwenye kioo cha pembeni. Nyuma wamekwisha kuweka kamba na mablanketi.

Dirishani kwake Bi Tuckwell amefungua pazia. Kisha amefungua dirisha. Katika baridi hii!

Pascoe amegonga. Kev: "Inatosha, Glenys, toka hapo, watu wanangoja."

Glenys hajaacha.

Amegonga tena. Sasa ni sauti ya Lorna, sijamsikia akiinua sauti tangu alipokuwa msichana: "Mwache amalize!"

Kev ananiita. Pascoe yuko ndani, ameshaniita "kijana wangu" mara moja. Wote wanataka neno langu, na nimevaa koti, nimesimama naandika kwa kuinama. Wimbo umefika kwenye kile kibwagizo cha kipumbavu. Ni wa kuchukiza mwanzo hadi mwisho, na utakuwa umekwisha kabla sijafika mlangoni, asipouanza upya. Uanze upya, mtoto. Uanze —